Pete Niliyoiona Nikanyamaza

Kila Alhamisi alasiri huwa nakosha minyororo. Naitoa ghalani, naitandaza juu ya turubai chini ya mwembe, naikosha kwa maji matamu ili chumvi ya pwani isipate pa kukaa, kisha naipangusa mpaka ikauke. Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Nakaa kitako, naushika mnyororo mwanzo wake na kuupitisha vidoleni pete moja baada ya nyengine, kama mtu anayevuta tasbihi. Mguu mmoja wa mita mbili, wa chuma cha milimita 10, una pete 66 hivi. Naigeuza kila moja, naitazama mbele na nyuma, naitikisa nione kama inacheza kwenye mwenzake. Vijana wapya kazini huniuliza mbona natumia muda mrefu hivyo kwa chuma ambacho jana tu kilibeba mzigo salama. Naandika haya kuwajibu.

Kazi yangu ni kufunga mizigo inayonyanyuliwa. Nimeifanya hapa Unguja kwa zaidi ya miaka ishirini, mingi ya miaka hiyo kandokando ya bandari ya Malindi. Kreni ikifanya kazi watu humtazama dereva, na ana haki ya kutazamwa. Lakini kabla mzigo haujaiacha ardhi kuna mtu wa chini aliyechagua mnyororo, akauvisha mzigo, akapanga miguu ya mnyororo ilingane, akarudi nyuma na kuinua mkono. Mtu huyo akikosea, ustadi wa dereva hauokoi kitu.

Nilijifunza hilo katika siku ambazo waliokuwepo Unguja hawajazisahau. Tarehe 10 Desemba 2009 umeme unaotufikia kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, unaoingilia Fumba, ulikatika. Haukurudi mpaka Machi 2010. Mji Mkongwe ukawa unanguruma jenereta usiku kucha, vichochoro vikanuka dizeli, na akina mama wakarudi kwenye visima na ndoo kwa sababu pampu zilikuwa zimelala. Kila mwenye duka, hoteli au friji ya samaki alitaka jenereta, na aliitaka leo. Zikawa zinashushwa Malindi na kusambazwa mjini kwa haraka ambayo sijaiona tena. Sisi wafungaji tulifanya kazi alfajiri mpaka usiku, tukashukuru kwa riziki.

Siku moja ya Januari tuliitwa uani kwa mtu kushusha jenereta kutoka kwenye lori. Mwenye mali alitaka iwake kabla ya magharibi. Tuliambiwa ina tani mbili, na hakuna aliyeinama kusoma kibati cha mashine. Mnyororo tuliopewa ulikuwa wa miguu miwili, mkongwe, hauna alama yoyote. Mguu mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwengine, foromani akaamuru upigwe fundo ili ilingane.

Nilipokuwa nalipiga lile fundo niliiona. Pete moja karibu na fundo ilikuwa imerefuka, mbavu zake zimenywea ndani, na pale inapokutana na mwenzake palikuwa pamelika. Niliitikisa, haikucheza. Pete nzima huzunguka kwa raha ndani ya mwenzake. Hii ilikuwa imeng'ang'ania.

Nilimtazama foromani. Alikuwa mtu mzima, rika la baba yangu, na ndiye aliyenipa kazi. Nikaona haya. Nikajiambia: huyu ameona mengi kuliko mimi, kama halimsumbui yeye mimi ni nani? Nikarudi nyuma, nikainua mkono.

Jenereta ilipanda mpaka usawa wa kifua. Nikasikia mlio mmoja mkavu, kama nyundo juu ya jiwe. Mguu mmoja wa mnyororo ulikatika, mzigo ukalala upande, ukaporomoka. Mwenzangu alikuwa amesimama pale ambapo hatakiwi mtu kusimama, anaizuia mashine kwa mikono isizunguke. Ilimwangukia chini ya goti.

Usiku ule, hospitali ya Mnazi Mmoja, ndugu na majirani walikuja kumjulia hali, na walisema neno ambalo sote tunalisema: ajali haina kinga. Walilisema kwa huruma, ili asijilaumu yeye wala asilaumiwe mtu. Mama yake alilisema huku amenishika mkono, akinifariji mimi. Sikuwa na uso wa kumtazama. Ajali ile ilikuwa na kinga, na kinga hiyo nilikuwa nimeishika kwa vidole vyangu mwenyewe.

Tangu siku hiyo sijaweza kulitamka neno lile. Siwakosoi wanaolitamka msibani, kwani msiba una adabu zake. Ila likitoka msibani likaingia kazini, linageuka kuwa ruhusa ya kutokuangalia. Tunalo na neno jengine, la wazee walewale: usipoziba ufa utajenga ukuta. Najiuliza kwa nini ufa wa ukuta tunauheshimu, na ufa wa pete tunaupa jina la kudra.

Baada ya wiki chache nilikwenda Kikwajuni kwa mzee mmoja aliyezeekea bandarini, tangu siku za magunia ya karafuu na winchi za meli. Nilimkuta barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia."

Nikamwomba anifundishe kazi upya. Akaniuliza, "Ile pete uliiona au hukuiona?" Nikasema niliiona. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi jicho unalo. Kilichokosekana ni mdomo. Jicho ningekufundisha kwa mwezi mmoja. Mdomo utachukua muda."

Alianza na mzigo kabla ya mnyororo. Hakuniruhusu kugusa chuma chochote mpaka niseme mzigo una uzito gani na nimejuaje. "Nimeambiwa" hakulikubali kuwa jibu. Baadaye, nilipoanza kusoma kuhusu kazi hii, nilikuta kwamba Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba mwaka 1929 unaotaka kila kifurushi cha kilo 1,000 au zaidi kinachosafiri kwa meli kiandikwe uzito wake kwa nje, wazi, kwa maandishi yasiyofutika. Na tangu Julai 2016 kontena haitakiwi kupakiwa melini bila uzito wake kuthibitishwa. Mtu hahangaiki kuandika sharti kama hilo kwa kujifurahisha. Nyuma yake wapo makuli walioumia katika bandari nyingi za dunia. Jenereta yetu, kibati chake kilisema tani mbili na nusu bila mafuta. Tangi lilikuwa limejazwa pomoni.

Kisha akanifundisha kuchagua. Mnyororo wa kunyanyulia si mnyororo wa nanga wala wa lango. Umetengenezwa kwa chuma cha mchanganyiko maalumu, ukapashwa moto na kupozwa kwa kipimo, na kila baada ya pete kadhaa umegongwa alama ya daraja lake: 8 au 80, na siku hizi 10 au 100. Wa daraja la 80 wenye unene wa milimita 10 unaruhusiwa kubeba tani 3.15 kwa mguu mmoja. Wa daraja la 100, unene uleule, tani 4. Kwa macho ni kama pacha. Kinachowatofautisha ni alama ile ndogo na kibati kinachoning'inia juu, penye pete kuu, kilichoandikwa daraja, unene, idadi ya miguu na uzito unaoruhusiwa. Kibati kikipotea mnyororo umepoteza jina, na mzee alikuwa hautumii mnyororo usio na jina hata kufungia mbuzi karibu na mahali pa kazi, kwa kuchelea asije mtu mwenye haraka akauokota.

Wala si kila mzigo unataka mnyororo. Mnyororo unavumilia joto, mikwaruzo na vyuma vikali kuliko waya au mkanda, na ndiyo maana tunaupenda kwa nguzo, mashine na mawe. Lakini nimewahi kushusha mlango wa kuchongwa kutoka nyumba moja ya Shangani, msaji mzito wenye misumari ya shaba, kazi ya mikono ya watu waliokwisha kufa zamani. Ukiufunga mlango ule kwa mnyororo utautafuna kabla haujafika chini. Tuliufunga kwa mikanda mipana, pembe zake tukazilaza kwenye magodoro. Na mzigo wa chuma wenye ncha kali nao huwekewa vipande vya tairi au mbao kwenye pembe, ili pete zisikunjike juu ya ukingo. Pete imeumbwa kuvutwa kwa urefu wake. Ukiikunja juu ya pembe unaidai kitu ambacho haikuahidi.

Somo nililolipenda kuliko yote alinifundisha kwa ndoo ya maji. Alituita mimi na mjukuu wake, akatupa ndoo moja iliyojaa, kila mmoja akashika upande wake wa kamba. Tuliposimama bega kwa bega ilikuwa nyepesi. Akasema, "Achaneni kidogo." Mikono ikaanza kuuma. "Achaneni tena." Tulipokuwa tumetengana kwa hatua chache, kamba imekaribia kunyooka, tulitetemeka wote wawili kwa ndoo ileile moja.

Hesabu yake ni hii. Chukua mzigo wa tani mbili kwa mnyororo wa miguu miwili. Miguu ikisimama wima, kila mmoja unabeba tani moja. Ikilala mpaka nyuzi 60 kutoka usawa wa mzigo, kila mmoja unabeba tani 1.15. Kwenye nyuzi 45, tani 1.4. Kwenye nyuzi 30, kila mguu unabeba tani mbili kamili, kana kwamba mwenzake hayupo. Chini ya hapo hapafanyiki kazi. Fundo letu la siku ile lilikuwa limeufupisha ule mguu mrefu, miguu yote miwili ikawa imetanuka kama miguu ya kaa, na mimi sikujua hata kwamba hilo ni jambo la kuuliza.

Nimeoa, nimelea, nimegombana na ndugu zangu kwa kiwanja cha marehemu baba na nikapatana nao. Katika yote hayo ile ndoo imenirudia. Mwaka ule wa ugomvi hakuna gharama mpya iliyoingia nyumbani kwetu. Mama alikuwa mgonjwa vilevile, dawa zilikuwa bei ileile. Lakini kila mmoja wetu alihisi amebebeshwa peke yake. Mzigo haukuongezeka hata ratili moja. Sisi ndio tuliokuwa tumesimama mbalimbali.

Jambo jengine linalowapoteza vijana ni akiba. Mnyororo wa kunyanyulia unatengenezwa uweze kuhimili mara nne ya uzito ulioandikwa kwenye kibati. Kijana akishalijua hilo, siku mzigo ukizidi atasema "ina akiba hii, twende." Akiba ile ina wenyewe. Ni ya dereva atakayeshtuka na breki, ni ya upepo wa kusi utakaoupiga mzigo ukiwa juu, ni ya kutu usiyoiona. Ukiitumia kwa kujua, siku ya mshtuko utakuwa mikono mitupu. Wazee waliposema akiba haiozi hawakumaanisha iliwe kwa sababu haiozi.

Kutunza si kazi ngumu, ila inataka ukaidi. Mnyororo hutundikwa mahali pakavu, hauachwi mchangani wala sakafuni. Hauburutwi chini ya mzigo. Haupigwi fundo; kama ni mrefu, ipo kulabu maalumu ya kuufupisha. Pete mbili haziungwi kwa boliti, wala pete iliyokatika haichomelewi na fundi wa geti, kwa sababu moto wake huua ule mpiko wa kiwandani. Na hili nawaomba wenzangu wa visiwani walishike, maana kwetu kutu haishi: msiuchovye mnyororo kwenye tindikali ili ung'are. Tindikali hupenyeza hidrojeni ndani ya chuma, kikawa kigumu na chepesi kuvunjika, na kwa macho hutaona tofauti. Bora mnyororo mweusi unaoujua.

Unene hupimwa kwa kipimo cha vania, pale pete inapogusana na mwenzake, kwa pande mbili. Ikiwa sehemu moja ya kumi imelika, yaani milimita 10 imebaki 9, mnyororo umestaafu. Ikiwa pete imerefuka, imepinda, ina ufa au haichezi, umestaafu. Kulabu ikifunguka mdomo, au kile kizuizi chake kikikosekana, haifungwi kwenye kitu. Na mzigo ukishafungwa, pandisha shibiri moja tu, simama, tazama. Shibiri moja imeniokoa zaidi ya mara moja.

Neno "umestaafu" ndilo gumu kwetu. Sisi ni watu wa kutengeneza. Baiskeli ya babu bado inapanda Amani, jahazi hutiwa kalafati mwaka hadi mwaka, na nguo ya mkubwa humfikia kitinda mimba. Naionea fahari tabia hii, imetulisha. Lakini kuna vitu ambavyo kuvihurumia ni kumwonea mtu atakayesimama chini yake. Mwaka wa pili wa uanafunzi wangu nilikataa mnyororo mmoja, nikautupa nyuma ya ghala. Mwezi haukuisha, nikauona Mwanakwerekwe umefungwa kwenye winchi ya lori, unanyanyua nondo. Niliutambua kwa kovu lake. Nilimsimamisha mwenye lori barabarani nikamweleza, naye alikasirika kwa sababu alikuwa ameununua kwa fedha zake. Jioni nilimsimulia mzee. Akaniuliza kwa nini niliuacha mzima. Tangu hapo mnyororo nilioukataa naukata vipande kwa grainda siku hiyohiyo, kabla sijala.

Kuhusu mdomo, mzee alisema kweli, ulichukua muda. Kumwambia mtu mzima "hapana" mbele ya watu, katika mji ambao tumefunzwa kuinamisha macho, si kazi ndogo. Alinifundisha namna: usipaze sauti, usimwaibishe, mpelekee ushahidi mkononi. "Mzee wangu, hebu nitazamie pete hii." Mtu akishaishika mwenyewe, ni vigumu kuikana. Mara nyingi anashukuru. Asiposhukuru, unavua glavu na unakaa chini. Mzee alinikumbusha pia kwamba makuli wa bandari hii waligoma mwaka 1948, na mgomo wao ukaenea mjini mpaka kazi zikasimama. Walikuwa watu wa heshima, wenye wake na watoto, na walisema hapana kwa pamoja. Kwa hiyo isidhaniwe kuwa neno hilo ni geni Malindi.

Mara moja moja nikipita Mkunazini huingia pale penye kanisa, palipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Ipo sanamu ya mwaka 1998, watu watano ndani ya shimo, shingoni wamevishwa mnyororo. Wageni hupiga picha na kuondoka. Mimi jicho la kazi hunipeleka kwenye pete. Kila pete ya namna ile ina mtu aliyeipashia moto, akaigonga, akaitazama kama inashika, akaridhika. Alikuwa fundi hodari, na alijua inakwenda kuvishwa nani. Nikitoka pale huwa sina hamu ya kusifu mnyororo wala ufundi. Narudi nyumbani nikitafakari kwamba chuma hakina upande, na kwamba mwenye kukishika ndiye atakayeulizwa.

Mwenzangu aliishi. Hutembea na mkongojo, ana watoto watatu, na hupika kahawa nzuri ambayo nakunywa karibu kila jioni. Miaka mitano baada ya ajali nilimwambia nilichokiona siku ile. Aliendelea kukosha vikombe vyake mpaka vikaisha, kisha akasema alijua, kwa sababu alikuwa ameniona nikiitikisa ile pete. Ameshanisamehe. Mnyororo wa siku ile ninao, vipande vyake vimo ndani ya debe ghalani, na kijana yeyote anayekuja kujifunza kwangu huwa nampa ile pete iliyokatika aishike kwanza, aitie vidoleni, kabla sijamfundisha kitu kingine.

Nawe unayejenga Fumba, Paje au Nungwi, siku kreni itakapofika kwako usiulize bei peke yake. Uliza uzito wa mzigo, omba uonyeshwe kibati cha mnyororo, na ukimwona yule kijana wa chini anasita, msimamishe dereva, umwendee kijana umuulize ameona nini.